Gregor Mendel: Mtawa wa njegere aliyefichua siri ya ng'ombe asiye na pembe

MFUGAJI wa Chewele, Bura au Garsen anapomchagua fahali wa kupanda mitamba wake, huangalia mengi: kimo, nundu, miguu, rangi, na jinsi ukoo wa mama yake ulivyostahimili kiangazi kilichopita. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo jicho haliwezi kuliona, hata liwe jicho la mzee aliyezaliwa zizini. Nalo ni kile alichokibeba fahali huyo ndani ya mwili wake bila kukidhihirisha.

Fahali asiye na pembe aweza kuzaa ndama wenye pembe. Mwenzake, anayefanana naye kama shilingi kwa ya pili, aweza kuishi na kufa bila kuzaa ndama hata mmoja mwenye pembe. Kwa karne nyingi wafugaji waliliona jambo hili likitokea wasijue sababu yake.

Aliyegundua kanuni inayolieleza hakuwa mfugaji wala daktari wa mifugo. Alikuwa mtawa wa Kanisa Katoliki, Gregor Johann Mendel, mwana wa mkulima wa kawaida, aliyeshindwa mara mbili kupata cheti cha ualimu na kufariki mnamo 1884 kabla ulimwengu haujatambua alilokuwa amelifanya katika bustani yake.

MWANA WA MKULIMA

Mendel alizaliwa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, eneo la Silesia, wakati huo likiwa chini ya himaya ya Austria. Siku hizi kijiji hicho kiko katika Jamhuri ya Cheki na huitwa Hynčice. Jina alilopewa na wazazi wake, Anton na Rosine, lilikuwa Johann. Alikuwa mwana wa pekee wa kiume kati ya dada wawili, Veronika na Theresia.

Baba yake alikuwa na shamba dogo na alipenda kupandikiza miti ya matunda, kazi ambayo mwanawe alijifunza mapema. Lakini kwa desturi ya nyakati hizo, mkulima hakuwa huru. Ilimbidi Anton kutumia sehemu ya kila wiki kumfanyia kazi bila malipo mwenye ardhi.

Ilikuwa katika kazi hiyo ya shokoa ambapo, mnamo 1838, gogo la mti lilimwangukia na kumuumiza kifua. Hakupona kabisa. Kijana Johann, aliyekuwa na umri wa miaka 16 na akisoma mjini Troppau, ikawa hana tena wa kumlipia karo. Alijikimu kwa kuwafundisha wanafunzi wenzake, mara nyingi akishinda na njaa, hadi afya yake ikadhoofika na akalazimika kurudi nyumbani kwa miezi kadhaa.

Masomo yake yangekatikia hapo lau si dada yake mdogo, Theresia, aliyekubali kutoa sehemu ya mahari aliyokuwa amewekewa na wazazi ili kaka yake aendelee na elimu katika mji wa Olmütz. Mendel hakuusahau wema huo. Miaka mingi baadaye, alipokuwa na uwezo, aliwasomesha wana watatu wa dada huyo.

Mnamo 1843, kwa pendekezo la mwalimu wake wa fizikia, alijiunga na monasteri ya Mtakatifu Thomas ya shirika la Waagustino katika mji wa Brünn, ambao leo ni Brno. Huko ndiko alikopewa jina Gregor. Maisha ya utawa yalimpa jambo ambalo umaskini ulikuwa umemnyima, yaani nafasi ya kusoma bila kuhofia chakula cha kesho.

SWALI LA WAFUGAJI WA KONDOO

Monasteri ya Brünn haikuwa mahali pa sala pekee. Mkuu wake, Abati Cyrill Napp, alikuwa msomi aliyejihusisha na kilimo na ufugaji, naye aliwahimiza watawa wake wafundishe na kufanya utafiti.

Jimbo la Moravia wakati huo lilisifika kwa kondoo wa sufu laini, na viwanda vya nguo vya Brünn viliwategemea kondoo hao. Wafugaji walikuwa wakijadiliana mara kwa mara jinsi ya kumpata dume bora na kwa nini mara nyingine watoto hawamfanani baba. Katika miaka ya 1830, Napp mwenyewe aliwaambia kwamba walikuwa wakilikwepa swali lenyewe. La muhimu kwanza lilikuwa kujua ni kitu gani hasa kinachorithiwa, na kinarithiwa kwa njia gani.

Kwa hivyo, swali alilokuja kulijibu Mendel kwa njegere lilikuwa limeulizwa kwanza na watu wa mifugo.

Alipewa daraja la upadri mnamo 1847, lakini kazi ya kuwahudumia wagonjwa na wanaokufa ilimvunja moyo hadi akaugua. Napp aliona kwamba huyu hakuumbiwa kazi ya parokia, akamtuma kufundisha katika shule ya mji wa Znaim mnamo 1849. Wanafunzi walimpenda. Hata hivyo, alipofanya mtihani wa kuidhinishwa kuwa mwalimu mnamo 1850, alianguka, na miongoni mwa masomo yaliyomwangusha ni elimu ya viumbe.

Kuanguka huko kulizaa heri. Abati alimpeleka katika Chuo Kikuu cha Vienna kuanzia 1851 hadi 1853. Huko alifundishwa fizikia na Christian Doppler na elimu ya mimea na Franz Unger. Kutoka kwa wanafizikia alijifunza tabia iliyokuwa ngeni kwa wataalamu wa mimea wa zama zake: kuhesabu, kulinganisha, na kutafuta kanuni ndani ya tarakimu.

Alijaribu tena mtihani wa ualimu mnamo 1856 lakini akajiondoa kabla ya kuumaliza, akiwa amezidiwa na wasiwasi. Hakujaribu tena. Aliendelea kufundisha mjini Brünn kama mwalimu asiye na cheti hadi 1868.

MIAKA MINANE YA NJEGERE

Mnamo 1854 alianza kuchunguza aina 34 za mbegu za njegere. Kwa miaka miwili alizipanda ili kuhakikisha kila aina huzaa mbegu zinazofanana nayo, kisha akateua 22. Kuanzia 1856 hadi 1863, katika bustani ndogo ya monasteri, aliotesha takriban mimea 28,000.

Alichagua sifa saba zisizo na utata, kama vile mbegu kuwa ya mviringo au yenye mikunjo, ya manjano au ya kijani, na mmea kuwa mrefu au mfupi. Alilifungua ua kabla halijakomaa, akaondoa sehemu zake za kiume, akalipaka chavua ya mmea mwingine, kisha akalifunika kwa kimfuko cha kitambaa ili nyuki na wadudu wengine wasiingilie kati.

Alipozalisha mmea wa mbegu za mviringo na ule wa mbegu zenye mikunjo, kizazi cha kwanza chote kilikuwa cha mviringo. Ilionekana kana kwamba mikunjo imetoweka. Lakini alipoiacha mimea ya kizazi hicho ijizalishe yenyewe, mikunjo ilirudi. Alihesabu mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zenye mikunjo. Kwa upande wa rangi, alipata 6,022 za manjano na 2,001 za kijani. Kila mara ilikuwa tatu kwa moja.

Watafiti wengine walikuwa wameona sifa zikipotea na kurudi. Aliyewazidi Mendel kwa jambo moja: hakutosheka na kuona. Alichukua mbegu za mviringo za kizazi hicho cha pili na kuzipanda moja moja. Kati ya mimea 565, ni 193 tu iliyozaa mbegu za mviringo pekee. Ile 372 iliyosalia ilizaa mchanganyiko. Kwa maneno mengine, mbegu zilizofanana kabisa kwa sura zilikuwa za namna mbili kwa ndani, na theluthi mbili zilikuwa zimeficha mikunjo.

Kutokana na hayo alihitimisha kwamba kila mzazi hutoa chembe moja ya urithi kwa kila sifa, na kwamba chembe hizo hazichanganyiki mithili ya maziwa na chai. Moja inaweza kuitawala nyingine, lakini iliyotawaliwa haifi. Hungoja kizazi ambamo itakutana na mwenzake. Alionyesha pia kwamba sifa mbalimbali alizozichunguza zilirithiwa kila moja kivyake, bila kuifuata nyingine.

Waswahili husema mtoto wa nyoka ni nyoka. Mendel hakulipinga hilo, bali alionyesha kwamba sura ya mzazi haisimulii habari yote ya mzazi.

UKIMYA

Aliwasilisha matokeo yake mbele ya Chama cha Elimu ya Viumbe cha Brünn katika mikutano miwili, Februari 8 na Machi 8, 1865. Mwaka uliofuata makala yake yalichapishwa katika jarida la chama hicho, nalo lilisambazwa katika maktaba nyingi za Ulaya. Alipewa nakala 40 za makala hayo na kuwatumia baadhi ya wataalamu. Karibu wote walikaa kimya.

Aliyejibu ni Carl von Nägeli wa Munich, mmoja wa mabingwa wakubwa wa mimea wa wakati huo. Waliandikiana hadi 1873. Lakini Nägeli hakuamini kwamba hesabu za njegere zingeweza kuwa kanuni ya viumbe wote. Kwa ushauri wake, Mendel alijitwika kazi ya kuchunguza mmea mwingine wa maua madogo mno uitwao Hieracium, kazi iliyoyachosha macho yake na kumpa matokeo yaliyopingana na yale ya njegere. Kumbe mmea huo mara nyingi huzaa mbegu bila kuhitaji chavua, jambo lililokuja kubainika baada ya kifo chake.

Mnamo Machi 1868 watawa wenzake walimchagua kuwa abati baada ya kifo cha Napp. Cheo hicho kilimpa heshima na kumnyang'anya wakati. Aliendelea kufuga nyuki na kuweka kumbukumbu za hali ya hewa, lakini njegere aliziacha.

Kuanzia 1874, serikali ilipopitisha sheria ya kuzitoza kodi nyumba za kidini, Mendel alikataa kulipa, akaandika barua moja baada ya nyingine na kubaki mpweke katika msimamo huo. Mvutano huo ulimsumbua hadi mwisho. Alifariki kwa ugonjwa wa figo mnamo Januari 6, 1884, akiwa na umri wa miaka 61. Mtunzi wa muziki Leoš Janáček ndiye aliyepiga kinanda katika misa ya mazishi. Waombolezaji walimzika abati mkarimu na mwalimu mpendwa. Sehemu kubwa ya karatasi zake ilichomwa moto.

KUTOKA BUSTANINI HADI ZIZINI

Miaka 16 ilipita. Mnamo 1900, wanasayansi watatu, Hugo de Vries wa Uholanzi, Carl Correns wa Ujerumani na Erich von Tschermak wa Austria, kila mmoja alichapisha utafiti uliomrudisha Mendel hadharani. Correns, kwa kinaya cha historia, alikuwa mwanafunzi wa yule yule Nägeli.

Nchini Uingereza, William Bateson aliichukua kazi hiyo na kuitetea kwa ari. Alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kuonyesha kwamba kanuni za Mendel zinawahusu wanyama pia, na kati ya mifano aliyoitaja mwanzoni mwa karne ya 20 ni ng'ombe. Kukosa pembe, alieleza, ni sifa tawala, ilhali kuwa na pembe ni sifa inayoweza kujificha.

Mantiki yake ni ile ile ya njegere. Fahali asiye na pembe aliyerithi chembe ya kukosa pembe kutoka kwa wazazi wote wawili hawezi kutoa nyingine ila hiyo. Hata akipanda ng'ombe wenye pembe, ndama hawatakuwa na pembe. Lakini fahali aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu amebeba pia chembe ya pembe. Akipanda ng'ombe wenye pembe, takriban nusu ya ndama wataota pembe. Akikutana na ng'ombe aliye kama yeye, ndama mmoja kati ya wanne, kwa wastani, atakuwa na pembe ingawa wazazi wote wawili hawana.

Kabla ya vipimo vya maabara, njia ya kuwatofautisha mafahali hao ilikuwa ile ya Mendel: kuzalisha na kuhesabu. Fahali alipandishwa ng'ombe wenye pembe, kisha mfugaji akangoja. Ndama watano mfululizo wasio na pembe wangempa matumaini, lakini fahali mwenye chembe iliyofichika angeweza kuwadanganya mara moja kati ya 32. Ndama saba wangeipunguza hatari hiyo hadi mara moja kati ya 128. Na kila ndama ni mimba ya miezi tisa.

Siku hizi mizizi ya nywele chache za mkia, tone la damu au kipande kidogo cha ngozi ya sikio hutosha. Mnamo 1993 watafiti walibaini kwamba chembe hiyo iko katika kromosomu ya kwanza ya ng'ombe. Mnamo 2012 yakatambuliwa mabadiliko yenyewe. Katika aina nyingi za ng'ombe wa Ulaya, herufi 212 za vinasaba zimejirudia na kuchukua nafasi ya herufi 10. Katika ukoo wa Friesian, kipande kirefu zaidi cha herufi zipatazo 80,000 ndicho kilichojirudia. Mabadiliko mengine tofauti yamegunduliwa katika ng'ombe wa Mongolia na katika Nelore, ng'ombe wa nundu wa Brazil.

Faida ya ujuzi huu si ya vitabuni. Ng'ombe wenye pembe huumizana zizini, kwenye birika la maji na ndani ya lori la kwenda mnadani, na mara nyingine humjeruhi mchungaji. Ndama wa maziwa wengi nchini Kenya huchomwa vichipukizi vya pembe kwa chuma cha moto, kazi yenye maumivu na inayoacha kidonda. Ndama aliyezaliwa bila pembe hahitaji chuma hicho.

BORAN WA TANA RIVER

Katika nyika za Tana River, Waorma wamefuga kwa vizazi ng'ombe wa jamii ya Boran, aina ya nundu yenye asili kwa Waborana wa kusini mwa Ethiopia. Chama cha wafugaji wa Boran nchini Kenya kilianzishwa mnamo 1951, na miongoni mwa Boran wa Kenya wapo wenye pembe na wasio nazo.

Boran wa Waorma wana hazina nyingine isiyoonekana kwa macho. Utafiti uliofanywa katika ranchi ya Galana miaka ya 1980 ulionyesha kwamba wanastahimili nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, kuliko Boran wa ranchi walioboreshwa kwa ajili ya nyama. Ni sifa waliyoichuma kwa kuishi kizazi baada ya kizazi karibu na vichaka vya mto.

Hapo ndipo funzo la Mendel linapokuwa onyo. Kukosa pembe hutawaliwa na chembe moja, ndiyo maana ni rahisi kupima. Ustahimilivu wa maradhi na ukame hutokana na chembe nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Mfugaji anayemleta fahali mgeni kwa sababu tu cheti chake kinasema hazai ndama wenye pembe, huenda akapata alichokitafuta katika msimu mmoja na kupoteza alichorithi kwa babu zake katika vizazi vichache. Njia ya busara ni kuanza na fahali asiye na pembe kutoka ndani ya ukoo uliokwisha kuzoea nchi hiyo.

Aidha, kipimo kilichoundwa kwa ng'ombe wa Ulaya chapaswa kuthibitishwa kwanza kwa ng'ombe wa Afrika, kwani si kila asiye na pembe amebeba mabadiliko yale yale. Tena lipo suala la vijipembe vidogo vinavyolegea, visivyoshikamana na fuvu, ambavyo huota kwa baadhi ya ng'ombe wasio na pembe na kumfanya mfugaji adhani amepunjwa.

Kwa mbuzi tahadhari ni kubwa zaidi. Mabadiliko yanayomnyima mbuzi pembe huambatana na kasoro ya uzazi. Mbuzi jike aliyeyarithi kwa wazazi wote wawili aghalabu huwa huntha asiyezaa. Kwa hiyo mwenye mbuzi hashauriwi kupandisha dume na jike ambao wote wawili walizaliwa bila pembe. Ng'ombe hawana tatizo hilo.

HESABU ILIYOBAKI

Sifa za Mendel hazikukosa wakosoaji. Mnamo 1936 mtaalamu wa takwimu Ronald Fisher alionyesha kwamba tarakimu za njegere zinakaribiana mno na zile zilizotarajiwa, na mjadala kuhusu sababu yake umeendelea kwa miongo mingi. Hata hivyo, kanuni zenyewe zimejaribiwa katika mimea, wanyama na binadamu kwa zaidi ya karne moja, nazo zimesimama.

Mnamo 2021, watafiti wa Brno walilifukua kaburi la Waagustino na kuchukua vinasaba vya Mendel mwenyewe, kwa maandalizi ya kuadhimisha miaka 200 tangu azaliwe. Katika matokeo waliyoyatangaza mnamo 2022, walieleza kwamba walikuta dalili za kurithi hatari ya maradhi kadhaa, yakiwemo ya moyo na ya figo, ugonjwa uliomuua.

Mtu aliyefundisha kwamba kiumbe hubeba zaidi ya kinachoonekana, naye alikuwa amebeba yake kimya kimya kwa miaka 61.